Soma Tofauti Kwanza: Saa za Kompyuta Zinapopishana Mtandaoni



Asubuhi moja niliitwa katika ofisi iliyo kwenye mteremko wa Uluguru, hapa Morogoro. Kompyuta ya masijala ilikuwa inakataliwa na seva. Nenosiri lilikuwa lile lile na waya haukuwa na kasoro, kwa hiyo wenyeji walishakata shauri kwamba ni virusi. Nikatazama pembe ya kioo: 2:10. Nje jua lilishapanda juu ya migomba. Betri ya saa ilikuwa imekufa, umeme ulipokatika usiku kompyuta ikasahau saa, na mama wa masijala akaiweka upya kwa nia njema. Kwa Kiswahili hakukosea hata dakika moja: ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Kwa kompyuta ilikuwa saa nane usiku na dakika zake.

Seva haikuwa na uonevu. Mitandao mingi ya ofisi inayotumia Windows huhakiki watumiaji kwa Kerberos, na Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5, ili mwizi asije akatumia kibali cha jana. Kivinjari nacho husoma tarehe kabla ya kukubali cheti cha tovuti.

Fundi anayekimbilia kusahihisha saa anafuta ushahidi. Andika kwanza tofauti ni kiasi gani. Ikiwa ni saa 6 kamili, kuna mtu ameweka saa ya Kiswahili. Ikiwa ni 3 kamili, chunguza saa za eneo, huenda zimebaki za Greenwich. Kosa hilo huipata pia kompyuta yenye Windows na Linux pamoja: Windows huandika saa ya ndani kwa majira ya hapa, Linux kwa kawaida huisoma kama majira ya dunia. Saa 1 kamili ni kisa cha kuchekesha kidogo. Kwenye orodha ya Windows hakuna Dar es Salaam wala Dodoma. Sisi tumo chini ya Nairobi. Asiyejua huchagua Moscow, maana nayo iko mbele kwa saa 3. Lakini Urusi ilisogeza Moscow hadi saa 4 mwaka 2011, ikairudisha mwaka 2014, na kompyuta ambayo haijasasishwa tangu wakati huo bado inaishi katika sheria ile ya zamani.

Tarehe ikirudi nyuma miaka, badilisha betri, mara nyingi ni CR2032. Hapa kuna mtego: programu ya ntpd, inayosahihisha saa kupitia mtandao, ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1000, kwa kawaida hujizima badala ya kusahihisha. Iwashe kwa alama ya -g ili iruhusiwe kuruka mara moja.

Tofauti ya dakika chache zisizo kamili, inayokua wiki hadi wiki, ni jambo jingine. Saa ya ndani huhesabu mitetemo ya kipande cha fuwele, 32,768 kwa sekunde, na joto huibadilisha. Kosa la sehemu 20 katika milioni ni karibu sekunde 1.7 kwa siku. Hiyo ni kawaida. Kisicho cha kawaida ni kwamba hakuna anayeisahihisha. Andika w32tm /query /status. Ikijibu kwamba chanzo chake ni Local CMOS Clock, inajifuata yenyewe. Tazama kama poti 123 ya UDP, inayopitisha saa ya mtandao, imefungwa.

Mtandao dhaifu wa milimani una kosa lake. Itifaki ya NTP, aliyoibuni David Mills, baadaye wa Chuo Kikuu cha Delaware, na kuitoa mwaka 1985, hupima safari ya kwenda na kurudi, kisha huchukulia kwamba njia zote mbili zina urefu sawa wa muda. Sasa mpigie mahesabu hayo mtu anayepanda mlimani Morningside kutoka mjini: kupanda anahema, kushuka anateremka mbio. Ujumbe ukitumia milisekunde 400 kwenda na 100 kurudi, saa itakosea kwa 150, na hakuna kompyuta itakayolalamika.

Kwa hiyo ofisi ya mlimani isiache kila kompyuta itafute saa yake Ulaya. Teua seva moja, iwekee kipokezi cha GPS chenye antena inayoona anga, na nyingine zote ziifuate hiyo. Hata intaneti ikikatika, zitaendelea kupatana.

Nyuma yenu, mafundi wenzangu, kuna kompyuta tano. Jana jioni niliiharibu saa ya kila moja kwa namna tofauti. Kalamu na karatasi kwanza, kipanya baadaye.