Kutia Kromu Vyuma vya Lori la Zamani
Maneno yaliyosemwa na fundi wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa tawi



Nimetakiwa niseme habari ya kutia kromu, kwa kuwa wenzetu wanaolitengeneza lile lori la Bedford wameuliza swali moja katika mikutano miwili: mbona fundi mmoja ataka bei mara nne ya mwenziwe kwa bampa ile ile? Jibu lake lina mambo mawili. La kwanza ni la chuma, na la pili ni la mtu anayesimama juu ya tangi. Nitaanza na chuma, maana ndicho mlichoulizia, lakini nawaambieni mapema kwamba nimekuja hasa kwa ajili ya yule mtu.

Watu wengi hudhani kromu ni kama rangi, ukiipaka inafunika kila kitu. Sivyo. Kromu ya kwenye bampa ni nyembamba mno, yapata robo ya mikroni, na mikroni 1,000 ndizo milimita moja. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Ngozi nyembamba namna hiyo haifichi kitu. Kama pana mkwaruzo chini yake utauona, na shimo la kutu utaliona, tena utaliona zaidi kuliko zamani. Wala kromu peke yake haizuii kutu. Ina nyufa na matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na maji hupita humo mpaka yafike kwenye chuma. Kinachozuia kutu ni nikeli iliyoko chini, nayo kwa kitu cha nje kinachopigwa na mvua na tope sharti iwe mikroni 20 au 30, hata 40. Chini ya nikeli mafundi wazuri hutia shaba nyekundu, kwa sababu shaba ni laini, hujaza mikwaruzo na hukubali kung'arishwa.

Basi bampa njema ni chuma, kisha shaba, kisha nikeli, na kromu juu kabisa. Kule kwenye tangi la kromu bampa hukaa dakika chache tu. Saa nyingi zaliwa na msasa na gurudumu la kitambaa, na hizo ndizo unazolipia. Fundi wa bei ndogo huacha shaba, hupunguza nikeli, hung'arisha kidogo, akakupa kitu kinachomeremeta siku ya kukichukua. Baada ya mvua za msimu mmoja au miwili utaona vidoa vya kutu, na kromu itabanduka kama ganda la yai.

Kabla ya kupeleka vipande, chukueni sumaku mvipime. Bampa ni chuma na itashikwa. Lakini vishikio vya milango, herufi za jina la gari na fremu za taa za zamani mara nyingi ni zinki iliyomiminwa, haishikwi na sumaku. Zinki ikiugua huvimba malengelenge, na ukiitia katika asidi kali huliwa upesi. Kazi yake ni ngumu kuliko ya chuma: mashimo hukwanguliwa moja moja, hutiwa shaba, hujazwa risasi ya kuchomelea, hung'arishwa, kisha hutiwa shaba tena. Fundi akikwambia kishikio kidogo kina gharama kubwa kwa kipimo chake kuliko bampa, hakuibii. Na kila kipande kifungeni alama ya bati kwa waya, kwani alama ya karatasi haitoki salama katika asidi.

Kuna vitu visivyofaa kutiwa kabisa, na hapa sisi watu wa reli hatuna udhuru wa kutojua. Springi, boliti ngumu na mikono ya usukani ziacheni. Asidi na umeme wa tangi huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, nacho huwa chepesi kuvunjika bila kujipinda kwanza. Dawa yake ni kukioka kwa saa kadhaa katika joto la nyuzi 190 hadi 220 mara tu kinapotoka tangini, lakini ni karakana ngapi za mjini zenye tanuri? Usukani ukivunjika njiani hatutazungumza tena habari za kumeremeta.

Jambo jingine, si kila lori la zamani lilizaliwa na kromu. Kazi hii ilianza kuingia viwandani katikati ya miaka ya 1920, baada ya majaribio ya Profesa Colin Fink na wenzake katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Gari la kabla ya hapo lilikuwa na nikeli au shaba ya manjano. Na wakati wa vita vya Korea, 1950 hadi 1953, nikeli ilikuwa adimu Marekani, hata malori mengi yakatoka kiwandani na grili na bampa za kupakwa rangi. Kwa hiyo mtu asione haya kupaka rangi. Lori ni la kazi.

Sasa nije kwa yule mtu.

Ndani ya tangi la kromu hamna kromu ya kipande kama mnavyoona shaba au nikeli ikining'inizwa. Kinachoning'inizwa ni risasi. Kromu yenyewe imo ndani ya maji, ni asidi ya kromu, kama gramu 250 katika kila lita, pamoja na asidi ya salfa kidogo, sehemu moja kwa 100. Maji yake ni mekundu ya giza. Umeme unapopita, sehemu ndogo tu, kama 10 hadi 20 katika 100, ndiyo inayofanya kazi ya kuweka kromu. Umeme uliobaki wapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, mapovu yapanda juu kwa wingi, na kila povu likipasuka larusha tone dogo la asidi hewani. Ndiyo ule ukungu unaouona juu ya tangi. Hautoki kwa sababu ya uzembe wa mtu yeyote. Ndivyo tangi linavyofanya kazi, kwa hiyo penye tangi la namna hii bila feni, sharti mtu auvute.

Mwaka jana nilipeleka vipande katika karakana moja ambayo sitaitaja. Bei yao ilikuwa ndogo kuliko zote. Kijana aliyekuwa tangini alijifunga kitambaa puani, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya manjano. Nikamwuliza, "Ndugu, pua yako hutoka damu?" Akajibu, "Asubuhi tu, kaka." Akanionyesha mkononi vidonda viwili vya duara, virefu kwenda ndani kana kwamba vimechimbwa kwa keekee. Alisema haviumi.

Haviumi, na huo ndio ubaya wake. Vidonda vya kromu hula nyama mpaka karibu na mfupa bila maumivu makubwa. Puani hula ule ukuta wa katikati, na mtu aweza kutobolewa tundu asijue mpaka daktari amwambie. Baada ya miaka mingi huja habari ya mapafu. Mwaka 1990 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kromu hii, ile ambayo wanakemia huiita ya namba sita, katika orodha ya vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu.

Wala si mambo mapya. Uingereza iliweka kanuni za kazi hii mwaka 1931, ikaamuru ukungu uvutwe kwa feni, na mikono ya wafanya kazi ikaguliwe. Hapa kwetu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe nguo na vifaa vya kujikinga, na penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Lakini karakana ya kromu yaweza kuwa na watu wanne au watano, hawana kamati wala chama. Asidi haihesabu watu.

Tena pana sianidi, ambayo hutumika kuweka shaba ya kwanza juu ya zinki. Sianidi ikikutana na asidi hutoa hewa inayoua kwa dakika chache. Mkiona matangi hayo mawili yamewekwa bega kwa bega na maji yake yote yaingia mtaro mmoja, chukueni vipande vyenu mwondoke. Na maji ya manjano yakimwagwa hivi hivi yanakwenda mtoni. Yatakiwa kwanza yageuzwe kwa dawa mpaka yawe ya kijani, kisha yatiwe chokaa ili kromu izame chini ikusanywe.

Sasa ipo njia nyingine, kromu ya namba tatu, ambayo haina sumu kama ile. Rangi yake yaweza kuwa nyeusi kidogo ukiiweka kando ya ile ya zamani, ndiyo maana wenye magari ya kale huinung'unikia. Mimi naona ni manung'uniko madogo. Ulaya, tangu Septemba 2017, mtu hawezi kutumia asidi ya kromu bila kibali maalum, na California iliamua mwaka 2023 kuiondoa hatua kwa hatua katika kazi za urembo.

Wenzetu wa Bedford hawana fedha nyingi, najua. Shauri langu ni hili. Bampa ya mbele na fremu mbili za taa zitiwe kromu kwa haki yake, pamoja na shaba na nikeli, kwa fundi mwenye feni kwenye ukingo wa tangi na watu wenye glavu zinazofika kiwikoni. Vilivyobaki vipakwe rangi. Kufungua, kunyoosha na kuosha grisi tufanye wenyewe Jumamosi, gharama itapungua. Na katibu aende akaonane na wale vijana wa karakana niliyoisema, si kuwashtaki, bali kuwauliza kama wangependa kuandikishwa katika chama kinachowahusu, na yule kijana apelekwe kwa daktari aangaliwe pua. Jina la mahali nimempa katibu peke yake.

Hapa mezani pana vipande viwili vya bampa. Kimoja kina shaba na nikeli chini, cha pili ni kromu juu ya chuma kitupu. Vyote vililala uani kwangu tangu mvua za mwaka jana. Vipitisheni mkono kwa mkono, kisha, Bwana Mwenyekiti, tupige kura juu ya bampa.