Daktari wa Familia ni Haki ya Mwananchi
(Hotuba kwa wanaharakati na waumini wa Malindi na Kilifi)



Tulipodai vyama vingi, hata kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, hatukudai karatasi ya kura pekee. Tulidai serikali imjalio mwananchi angali hai. Kwa hiyo leo twauliza: mama wa Bamba akiugua, ni daktari gani amjuaye?

Maradhi ya shinikizo la damu na kisukari hayapigi kelele. Hukomaa kimyakimya, na mgonjwa hufikishwa hospitali kuu mambo yakiwa yameharibika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi tumejenga kuta nyingi, na makaburi pia.

Daktari wa familia ndiye mziba ufa. Amebobea katika kumtibu mtoto na mzee, mjamzito na baba mwenye nyumba, na kuwafuatilia miaka nenda miaka rudi. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza mabingwa hao mwaka 2005, lakini wangali wachache mno. Hatutaki aketi mjini akitungoja. Azuru zahanati, akae na muuguzi na mhudumu wa afya wa kijiji, wapitie pamoja wagonjwa waliowashinda.

Haki hii imeandikwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Tangu 2013 zahanati zi mikononi mwa kaunti, na mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi. Lakini sheria isiyo na fedha haimtibu mtu.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, kaunti igharamie masomo ya madaktari vijana, nao waahidi kurudi kutumika vijijini. Pili, wapewe nyumba, usafiri, dawa, na mshahara kwa wakati. Daktari asiyelipwa huondoka, na lawama si yake. Tatu, vikao vya bajeti viitishwapo, tujae ukumbini kama tujaavyo ibadani. Tuulize: zahanati ipi, shilingi ngapi, na lini?

Uhuru wa kunena tuliupata kwa jasho na machozi. Tuutumie kumnenea mgonjwa asiyeweza kusimama.