Fishi, fili na fuzi: tuchague namna gani?

(Maneno yaliyosemwa mu mkutano wa wanachama, Lubumbashi)



Tuliporudia huku, wengi tulipanga nyumba fasi delestaji inakamata usiku muzima. Njo maana vijana wetu wanatengeneza plaketi za kuwasha ampuli na kuchaji telefoni ku batri ya volti 12. Kazi muzuri. Lakini plaketi muzuri yenye fili mubaya inaweza kuunguza nyumba, watoto wamelala.

Kwanza tuhesabu: wati gawanya kwa volti. Wati 24 ku volti 12 ni ampea 2. Hesabu hiyo njo inachagua fishi na fili, si bei ya ku soko.

Fishi ya duara ina milimita 5.5 inje, lakini tundu lake la kati kuko la 2.1 na la 2.5. Ile ya 2.5 inaingia ku msumari wa 2.1, lakini inalegea na kupata moto. Tena, chaja nyingi za ordinateri, za volti 19, zinaingia fasi ile ile, plaketi inakufa. Kwa hiyo mu nyumba ya watu wengi ninapendelea domino ya visi: hakuna atakayechomeka chaja yake hapo. Nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Pima na multimetri mbele ya kukaza.

Sasa fili. Toka batri mpaka ampuli ikiwa metre 5, kwenda na kurudia ni 10. Shaba ya milimita mraba 0.75 inapoteza karibu nusu volti. Ile ya 0.22 inapoteza zaidi ya volti moja na nusu, ampuli inafifia. Kwangua uzi moja na kisu: ndani ikiwa nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Sisi ambao jimbo letu liliitwa Shaba mpaka 1997, tusidanganywe na rangi!

Fuzi ya ampea 3 ikae karibu kabisa na batri, ku fili nyekundu. Bila fuzi, fili zikigusana batri inatoa makumi ya ampea, plastiki inawaka.

Wafadhili, mchango wenu mudogo unaweza kuwa fuzi, fili ya kweli na multimetri moja kwa kila kikundi. Na wanachama, plaketi isifike ku nyumba ya mtu mbele ya mwenzenu wa pili kuipima.