Kuomba, Kujibu na Kutoa Hesabu

Twataka kunena juu ya mitandao ya kijamii, maana wengi wetu twaitumia kuuza bidhaa na kuomba msaada.

Mwaka 2014, huko Marekani, watu walijimwagia ndoo ya maji ya barafu, wakaonyesha picha zake katika Facebook, wakawataja rafiki zao wafanye vivyo hivyo au watoe fedha kwa ajili ya ALS, ugonjwa uharibuo mishipa ya fahamu iongozayo misuli. Pete Frates wa Massachusetts, aliyekuwa mgonjwa mwenyewe, akafariki mwaka 2019, alisaidia sana kulieneza jambo hilo. Chama cha wagonjwa hao kikapokea dola milioni 115.

Je, ni maji tu yaliyowavuta? Sivyo. Kila mtu aliitwa kwa jina na rafiki amjuaye. Wala chama hakikunyamaza kilipokwisha kupokea: mwaka 2016 kilitangaza ya kuwa fedha hizo zimesaidia kugundua jeni NEK1, yenye uhusiano na ugonjwa ule.

Basi mwenye duka aonyeshaye vitambaa simuni, asimjibu aulizaye bei, afanana na mtu apigaye kengele na kufunga mlango. Nasi tuchangishao fedha za paa la shule, yatupasa kutangaza hesabu palepale tulipoombea. Maana asiyeambiwa mchango wake ulikokwenda, mwaka wa pili hatoi.