Mgongo wa Mchuma Chai
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Chepseon)



Leo hatukukutana kusema habari za mshahara peke yake. Twataka kusema habari za mgongo, maana ndio unaouleta huo mshahara.

Sisi wachumaji twaijua kazi hii. Mtu huinama juu ya mchai tangu asubuhi, huchuma majani mawili na chipukizi, na kutupa kikapuni mgongoni. Kikapu kikijaa, mwili huelekea mbele. Na kwa kuwa wengi wetu twalipwa kwa kilo, nani apendaye kusimama anyooshe kiuno?

Mwenzetu akiumwa huenda hospitali, hupigwa picha, na picha huonyesha mifupa mizima. Akirudi shambani huambiwa, "Wajisingizia." Ndugu, neno hilo si la haki. Picha ya eksirei huonyesha mifupa; maumivu haiyaonyeshi. Tena wako watu ambao mguu hutetemeka au huburuta bila mfupa kuvunjika, kwa kuwa amri itokayo kichwani haifiki mguuni sawasawa. Mgonjwa wa namna hiyo aweza kushindwa kwenda mbele, lakini akienda kinyumenyume akatembea vizuri. Hiyo si hila. Ni dalili kwamba njia ingaliko, na mazoezi yaweza kuifungua.

Hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia. Yeye hutazama jinsi mtu anavyoinuka, anavyoinama na anavyobeba, kisha humfundisha mwili upya, kidogo kidogo. Hamwambii mwenye maumivu ya kawaida alale kitandani wiki nzima, maana mgongo usiotumika hudhoofika.

Nasi tushike haya: tumwage majani kabla kikapu hakijajaa sana. Mzigo tuuweke karibu na mwili, na gunia zito tuinue wawili. Kila mara tusimame, mikono kiunoni, tujinyooshe nyuma mara tano. Lakini mtu akifa ganzi mapajani kwa ndani, au akishindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wala tusidanganywe kwamba kosa ni la mchumaji asiyejua kusimama. Uzito na mwendo wa kazi haupangwi na mchumaji. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo unaoelekea kumwumiza. Na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka apeleke taarifa ya ajali serikalini katika siku 7 tangu kuarifiwa. Basi ukiumia, usifiche. Mwambie msimamizi mbele ya shahidi, andika tarehe, ukamwone mwakilishi wetu.

Anayenyamaza leo kwa kuogopa kupoteza kilo chache, kesho aweza kuzikosa zote.

Umoja ni nguvu.