Rangi za Nyaya za Umeme

Leo nataka kusema nanyi habari za jambo ambalo mtu akiliangalia kwa haraka hudhani ni pambo tu, nalo ni rangi za nyaya za umeme. Ukifungua plagi ya pasi utaona nyaya tatu: mmoja wa rangi ya kahawia, mmoja wa buluu, na wa tatu una milia ya kijani na manjano. Ndani ya mavazi yale shaba ni ile ile. Umeme wenyewe ni kipofu. Hupita katika waya mweusi kama upitavyo katika mwekundu. Rangi ni barua ambayo fundi wa kwanza humwandikia fundi atakayekuja nyuma yake, labda baada ya miaka 30, wakati yeye mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa.

Yafaa kwanza tujue kazi za nyaya hizo. Wa kwanza mafundi huuita waya wa moto. Huu ndio uletao umeme nyumbani, nao katika nchi zetu una nguvu za volti 230 au 240, nguvu zitoshazo kabisa kumwua mtu. Wa pili huitwa nyutro, yaani waya wa kurudi. Umeme ukiisha kupita katika taa au pasi hurudi kwa njia hii. Wa tatu ni waya wa ardhi. Huu hukaa bila kazi mchana na usiku, hata watu wengine huuona ni hasara wakaukata. Walakini umeungwa na mwili wa chuma wa pasi au birika, na siku ile waya wa moto utakapochubuka na kugusa chuma hicho, umeme utakimbilia katika waya wa ardhi kwa wingi mno, na fyuzi itakatika mara moja. Kama waya wa ardhi haupo, chuma kitakaa kimya na umeme wake, kikingoja mkono wa mtu.

Sasa fikirini fundi amezichanganya. Akibadilisha moto na nyutro, taa itawaka vilevile, na mwenye nyumba atamlipa na kumshukuru. Lakini swichi sasa yakata njia ya kurudi, haikati njia ya kuja. Taa imezimika, kumbe umeme ungali umesimama pale pale panaposhikwa globu, na anayepanda juu ya kiti ili kubadili globu hana habari. Akichanganya moto na ardhi ni vibaya zaidi, maana ameupeleka umeme moja kwa moja katika chuma cha pasi.

Zamani desturi ya Uingereza ilikuwa nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, na kijani kwa ardhi, nazo nchi za Afrika ya Mashariki zilizotawaliwa nayo ziliifuata desturi hiyo. Ujerumani, mpaka mwaka 1965, waya mwekundu ulikuwa ndio wa ardhi! Basi Mwingereza aliyenunua chombo cha Kijerumani, akaunga waya mwekundu kama alivyofundishwa kwao, aliupeleka umeme mahali pasipopasa hata kidogo. Kwa sababu ya hatari hizo nchi za Ulaya zilifanya shauri moja, zikachagua kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na milia ya kijani na manjano kwa ardhi. Uingereza ilitunga sheria ya rangi hizi kwa nyaya za vyombo mwaka 1969. Kwa nyaya za ndani ya kuta iliruhusu rangi mpya tangu tarehe 31 Machi 2004, na tangu tarehe 1 Aprili 2006 kazi mpya haifanywi tena kwa rangi za zamani.

Ile milia ina maana yake. Wako watu, na wengi wao ni wanaume, ambao macho yao hayatengi nyekundu na kijani. Katika desturi ya zamani rangi hizo mbili ndizo zilizowekwa kwa moto na kwa ardhi. Milia, hata mtu asiyetambua rangi, aweza kuitambua kuwa ni milia. Wala sheria hairuhusu waya wenye milia hiyo kutumiwa kwa kazi nyingine yo yote.

Walakini mabadiliko yameleta mtego, na hasa katika mashine kubwa za fezi tatu, kama vile za kusaga nafaka. Zamani fezi zilikuwa nyekundu, manjano na buluu, na nyutro nyeusi. Sasa ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni buluu. Mwaona? Nyeusi iliyokuwa nyutro imekuwa moto, na buluu iliyokuwa moto imekuwa nyutro. Ndiyo sababu Waingereza waliamuru kibandiko cha onyo katika sanduku la fyuzi la nyumba yenye rangi za namna mbili. Tena vyombo vya Marekani vina desturi nyingine: nyutro ni nyeupe au kijivu, ardhi ni kijani au shaba tupu, na waya mweusi kwa kawaida ni wa moto.

Hata katika nyumba ya desturi moja tu, swichi yaweza kumdanganya mtu. Waya wa nyumba ya zamani ushukao katika swichi ulikuwa mwekundu na mweusi, na taa ikiwaka ule mweusi nao ni moto. Yampasa fundi auvike mfuko mdogo mwekundu mwishoni. Wavivu hawafanyi hivyo. Kwa hiyo fundi mwenye akili huzima swichi kubwa, huijaribu testa yake mahali anapojua pana umeme, kisha hupima kila waya, uwe na rangi gani.

Ninyi wanafunzi, mwaweza kujifunza kwa plagi yenye meno matatu ya mraba, iliyokwisha kutolewa ukutani. Ifungueni, meno yakielekea chini mezani na jino refu likiwa juu. Kahawia itakuwa kuliani penye fyuzi, buluu kushotoni, na milia juu. Tazameni tena urefu: waya wa ardhi huachwa mrefu kidogo kuliko wenzake, ili mtu akivuta kamba kwa nguvu, moto ung'oke kwanza na ardhi ibaki mwisho.