Soko za Leta: vijana wetu wapitie mlango gani?

Mazungumzo mbele ya wanachama, Kibumba



Komite ilinipa muda kidogo niongee ju ya soko za Leta. Leo sitasema ju ya soko za kujenga wala za kuuzisha vifaa. Nitasema ju ya kazi ya akili: kuchunguza, kupima, kuchora mpango, kusimamia kama kazi inafanyika vizuri. Mwenye kuifanya anaitwa konsilta. Tangu tulirudia kisha vita ya 2012 na 2013, wengi walikuja hapa kupima na kuuliza watu maswali. Vijana wetu waliitwa kuonyesha njia na kutafsiri lugha, basi. Jina lao halikuandikwa kwenye raporo.

Hii inatuhusu sisi wote. Angalia maji. Kibumba iko juu ya mawe ya volkano, mvua inanyesha na maji inazama. Mwaka 1994, wakati kambi ya wakimbizi ilikuwa hapa, maji ililetwa na malori, na kuchimba choo ilikuwa shida ju ya ugumu wa mawe. Konsilta mwenye hajui ile habari anaweza kuchora kisima mahali hakuna mtu atakichimba. Mwenye alikomalia hapa ataanza na mabati na matangi ya mvua. Kosa ya karatasi, ni mama njo atailipa na bido mgongoni.

Sasa, kwa nini wetu hawapate? Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 haifungie mtu wa kijiji mlango. Shida ziko ine.

Ya kwanza ni makaratasi. Wanaomba RCCM, kitambulisho cha taifa cha biashara, namba ya kodi, karatasi ya DGI yenye kuonyesha huna deni, na ya CNSS. Mwenye alikimbia na watoto mgongoni hakubeba dosiye. Lakini RCCM inaandikwa kwenye daftari ya tribinali. Inawezekana kuomba kopi.

Ya pili ni uzoefu, na hapa musikilize vizuri. Kwa kazi nyingi tangazo inatoka kwanza kuomba barua ya kuonyesha nia. Wanachagua biro chache. Kwa soko zenye kulipwa na franga ya Banque Mondiale, kanuni ya kawaida ni biro tano mpaka nane. Pale wanaangalia kazi gani ulishafanya, na njo pale wetu wanaanguka. Wale wenye kuchaguliwa wakiisha kuingia, hesabu inageuka. Wanafungua kwanza bahasha ya ufundi, ya bei inangojea. Juu ya pointi 100, uzoefu wa biro kwa kawaida haupite 10. Namna ya kufanya kazi inapata 20 mpaka 50, na watu wenyewe wenye kuifanya 30 mpaka 60. Maana yake: mlangoni wanauliza jina la biro, lakini ndani wanauliza nani anajua kazi na mahali.

Ya tatu ni franga. Konsilta analipwa kisha kutoa raporo, na malipo inaweza kukawia. Mwenye hana akiba anakopa, na deni inamukula mbele ya Leta kulipa.

Ya ine ni habari na matabishi. Tangazo inatoka Kinshasa ao kwenye intaneti, na hapa inafika wakati siku zimebaki mbili. Na mtu anakuja kusema: lipa kidogo, nitapitisha dosiye yako. Musilipe. Mwenye kuona alinyimwa soko kinyume na sheria ana haki ya kuandika malalamiko kwa ile ofisi yenye kutoa soko, kisha kwa ARMP. Lakini siku za kulalamika ni chache, na inaomba maandishi. Maneno ya mdomo haihesabiwe.

Basi tufanye nini? Naleta mambo matatu.

Moja: chama ishike kopi ya dosiye ya kila kijana, hapa na kwa mwanachama mwenye kuaminika Goma. Nyumba ikiungua, dosiye inabakia.

Mbili: kijana mwenye kufanya kazi na mradi wowote, hata siku kumi za kuuliza maswali nyumba kwa nyumba, asiondoke bila barua yenye kusema alifanya nini na tarehe gani. Njo uzoefu, unajengwa karatasi kwa karatasi. Ukishakuwa nazo, unaweza hata kuomba kazi za konsilta wa peke yake, zenye wanalinganisha watu watatu ao zaidi bila kuuliza biro.

Tatu: tusingoje kuwa na biro kubwa. Sheria inaruhusu biro kuungana. Biro ya Goma iko na uzoefu, sisi tuko na watu wenye kujua mawe haya. Lakini mapatano iandikwe mbele: jina la kijana wetu ndani ya ofa, siku zake za kazi, na sehemu yake ya franga. Bila ile, atarudia kuwa mtafsiri.

Mwandishi wa chama ataandika majina leo, kisha mkutano. Kila mtu alete kopi, asilete karatasi ya kwanza.